Mfuko wa Wajane na Neno "Changamoto": Mkristo Anaruhusiwa Kulainisha Maneno Hadi Wapi?

Swali: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa kamati ya kanisa letu. Mwezi uliopita ilithibitika kwamba mhazini wetu amekuwa akichukua fedha za mfuko wa wajane kwa miezi saba na kumalizia nyumba yake. Mwenyewe hakukana. Alisimama akalia, akasema anaomba msamaha kama kuna mtu aliyekwazika. Sasa mwenyekiti anataka niandike kwenye kumbukumbu za kikao kwamba "kulijitokeza changamoto katika usimamizi wa mfuko, nayo imeshughulikiwa." Nilipohoji nikaambiwa upendo husitiri wingi wa dhambi, na kwamba neno "kuiba" si la kiungwana kanisani. Nami nimelelewa nikifundishwa kuwa tafsida ni adabu. Je, nikiandika hivyo nitakuwa nimesema uongo? Na nikikataa, nitakuwa nimekosa upendo?

Jibu: Amina, dada yangu. Najua kikao kinakungoja, kwa hiyo nitatanguliza jibu, sababu zifuate: usiiandike sentensi hiyo. Tafsida yenyewe si dhambi, na waliokulea hawakukukosea hata kidogo. Ila hapa tafsida imepewa kazi isiyo yake.

Nianze kwa kuitetea, maana wapo wahubiri wanaodhani kwamba kila neno laini ni woga. Mfiwa hatumwambii "maiti wako", tunasema marehemu. Mgonjwa anakwenda haja, mama amejifungua, mzee ametutoka. Maneno hayo hayamdanganyi mtu yeyote. Kila anayesikia anajua kilichotokea, na wakati huohuo anajua kwamba msemaji anamheshimu anayesemwa. Biblia inafanya vivyo hivyo. Mwanzo 4 inasema Adamu "akamjua" Hawa mkewe. Sauli alipoingia pangoni, katika 1 Samweli 24, mwandishi anasema aliingia kufunika miguu yake, na msomaji wa Kiebrania alielewa mara moja kwamba mfalme alikwenda haja. Ni waandishi hawahawa wanaotaja mauaji na uzinzi bila kupepesa macho. Walijua kinachostahili kufunikwa na kisichostahili.

Mfano unaonifundisha zaidi uko Yohana 11. Lazaro amefariki, na Bwana Yesu anawaambia wanafunzi wake, "Rafiki yetu Lazaro amelala." Neno la upole, na kwake lina ukweli wa ndani, kwa kuwa anakwenda kumwamsha. Wanafunzi wakalielewa kwa namna nyingine kabisa: kama amelala, basi atapona. Yesu hakuwaacha humo. Yohana anasema hapo akawaambia waziwazi: "Lazaro amekufa." Lile neno laini lilidumu mpaka lilipoanza kuwapoteza waliolisikia, kisha akaliacha papo hapo, wala hakulihurumia.

Nimekaa na habari hiyo miaka mingi, na kipimo ninachokitumia kwa maneno laini nimekipata humo. Najiuliza mambo mawili. Je, anayesikia bado anajua anachohitaji kujua ili atende haki? Na neno hili linamfunika nani? Binti aliyebakwa, tukisema mbele ya watu kwamba "alifanyiwa ukatili" bila kueleza zaidi, tumemfunika yeye, na anastahili kufunikwa. Aliyembaka, tukisema "aliteleza", nguo ileile tumemvika mwingine, na binti tumemwacha uchi.

Sasa rudi kwenye sentensi ya mwenyekiti, uisome kama mwalimu wa sarufi. "Kulijitokeza changamoto." Nani amefanya nini? Hakuna mtu. Changamoto imejitokeza yenyewe, kama uyoga baada ya mvua. "Imeshughulikiwa." Na nani, kwa namna gani? Hakuna. Mhazini hayumo. Fedha hazimo. Wajane, ambao mfuko ni wao, hawamo kabisa.

Kiswahili kimetupa kauli ya kutendeka, nayo ni zawadi: kikombe kimevunjika, maji yamemwagika, njia haipitiki. Tunaitumia pale ambapo mtendaji hajulikani au hana maana. Lakini tazama mtoto aliyeangusha kikombe, anavyoikimbilia: "Mama, kikombe kimevunjika." Na watu wazima wa kanisani wanaikimbilia kwa mbio zilezile. Fedha zilitumika vinginevyo. Makosa yalifanyika. Uaminifu ulipungua. Haruni ndiye babu wa sentensi hizi. Kutoka 32:4 inatuambia kwamba aliipokea dhahabu mikononi mwa watu, akaitengeneza kwa patasi, akaifanya sanamu ya ndama. Kaka mtu, yaani patasi ilikuwa mkononi mwake! Musa anaposhuka na kumwuliza, jibu lake katika mstari wa 24 ni kwamba aliitupa ile dhahabu motoni, "akatoka ndama huyu." Patasi imetoweka. Ndama amejitokeza.

Kuna usemi mwingine wa ukoo huu ambao nausikia karibu kila juma: "Shetani alinipitia." Simkatai Shetani wala kazi zake. Lakini tusome Mwanzo 3 kwa makini. Adamu anamsingizia mwanamke, mwanamke anamsingizia nyoka, na kwa hilo tunawalaumu wote wawili. Ila sikiliza sentensi zao zinavyomalizika. Adamu: "nikala." Hawa: "nikala." Pamoja na visingizio vyote, mwishoni kila mmoja alifika kwenye kitenzi chake mwenyewe. Mtu anayesema "Shetani alinipitia" kisha akakaa kimya hajafika hata pale walipofika Adamu na Hawa.

Neno "changamoto" lenyewe halina hatia. Mtihani mgumu ni changamoto, ukame ni changamoto, kulea watoto peke yako ni changamoto. Kinachonisikitisha ni jinsi tulivyoligeuza kuwa gunia la kila kitu. Anayempiga mke wake ana changamoto za ndoa. Mlevi ana changamoto. Kiongozi aliyemchezea msichana wa kwaya alipitia changamoto. Na mwenye changamoto anahitaji kutiwa moyo na kuombewa. Hakuna anayemtarajia atubu. Hapo ndipo hatari ilipo, dada. Jina unalolipa jambo linaamua dawa utakayolipa.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwangu ndugu mmoja, mtu wa maombi, akasema ndoa yake ina changamoto ya mawasiliano. Tukazungumza mawasiliano. Nikampa mistari, nikampa mashauri ya kuchagua wakati mzuri wa kuongea na kusikiliza kabla ya kujibu. Ilipita karibu saa nzima. Alipokuwa anainuka nikaona mkono wake wa kulia, vifundo vimevimba na kimoja kimechanika, nikamwuliza ameumiaje. Akakaa tena. Akautazama mkono kwa muda mrefu kama wa mtu mwingine, halafu akasema, taratibu, "Nampiga, mchungaji. Jana nimempiga mpaka akaanguka." Maneno hayo yalikuwa sala yake ya kwanza ya kweli siku ile. Mashauri yangu yote ya saa nzima yalikuwa dawa ya ugonjwa mwingine, na mke wake alikuwa nyumbani amelala kwa ubavu mmoja wakati mimi na mumewe tunazungumza mawasiliano. Kabla ya jua kuzama mama yule alikuwa amefika hospitali na kuhamia kwa ndugu zake. Lile neno lililainishwa kwa ajili ya mume, na mke ndiye aliyelilipia.

Mwenyekiti wako anaweza kukujibu kwamba sentensi yake si uongo, kwa sababu kweli changamoto ilikuwepo. Hoja hiyo ni ya zamani sana kanisani, na ilishajibiwa. Augustino wa Hippo, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, aliandika vitabu viwili vizima juu ya uongo, kimoja karibu mwaka 395 na kingine karibu mwaka 420, na msimamo wake ulikuwa mkali: hakuna uongo unaokubalika, hata ule wa kusaidia. Baadaye wakatokea walimu waliotafuta mwanya. Walifundisha kwamba mtu anaweza kusema kwa sauti "sikufanya jambo hilo", kisha akaimalizia sentensi moyoni, "leo asubuhi", na hivyo akawa amesema kweli mbele za Mungu huku amemdanganya aliyemwuliza. Papa Innocent XI alilaani mafundisho hayo mwaka 1679, na nadhani Wakristo wa madhehebu yote tunaweza kusema amina. Uongo hupimwa kwa picha unayokusudia ibaki kichwani mwa msikilizaji. Mjane akiisikia sentensi yenu atadhani kulikuwa na matatizo ya vitabu vya hesabu. Ndivyo inavyokusudiwa adhani. Basi ni uongo, hata kama kila neno ndani yake lina kamusi ya kulitetea.

Swali lako nimelijibu, lakini kuna jambo katika barua yako ulilipita haraka, na mimi siwezi kulipita. Mhazini alilia, akaomba msamaha "kama kuna mtu aliyekwazika."

Siyadharau machozi yake. Lakini sentensi ile haijaomba msamaha kwa lolote. Ndani yake aliyefanya kitu ni yule aliyekwazika. Yeye ndiye mwenye kitenzi. Na neno "kama" linaweka shaka iwapo hata huyo yupo. Utaniambia Zakayo naye alisema "ikiwa". Kweli, Luka 19:8 ina hilo neno. Ila tazama kinachofuata: ikiwa nimemnyang'anya mtu kitu kwa hila, namrudishia mara nne. Kitenzi ni chake, "nimenyang'anya." Namna ya tendo imetajwa, "kwa hila." Na hesabu ya malipo imetajwa hadharani. Mhazini wako angesema nusu ya hayo, kikao kingekuwa cha ibada.

Neno la Kigiriki tunalolitafsiri "kuungama", lile la 1 Yohana 1:9, limeundwa kwa vipande viwili: kimoja ni "sawa" au "lile lile", kingine ni "kusema." Kuungama ni kusema lile lile analolisema Mungu juu ya tendo langu. Mungu akisema "umeiba" nami nikasema "nimepitia changamoto", hatujasema lile lile, na kwa maana halisi ya neno sijaungama bado. Torati ilikwenda hatua zaidi. Hesabu 5 inaagiza kwamba aliyemdhulumu mwenzake aungame dhambi aliyoifanya, arudishe kile alichokitwaa kwa ukamilifu, kisha aongeze sehemu ya tano juu yake, na ampe yule aliyemkosea. Huwezi kuongeza sehemu ya tano juu ya changamoto. Ili uipate sehemu ya tano lazima kwanza ujue ni kiasi gani kilichochukuliwa, na nani alikichukua, kwa nani. Ndugu zetu Wakatoliki, katika Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wao, mwaka 1551, waliweka wazi kwamba dhambi za mauti ziungamwe kwa aina yake na idadi yake. Mimi si wa mapokeo hayo, lakini naiona hekima yake: roho ya mwanadamu inapenda sana kujificha katika maneno ya jumla, na idadi huitoa mafichoni.

Daudi alijificha humo karibu mwaka mzima. Baada ya Uria kuuawa kwa mpango wake, alimtumia Yoabu ujumbe kwamba jambo hilo lisimsumbue, kwani upanga hula huyu na huyu. Upanga! Kana kwamba upanga ulijiandikia ile barua aliyoibeba Uria mwenyewe. Nathani alipokuja, alianza kwa mfano wa kondoo mmoja wa maskini, yaani alizunguka, na wanaodhani nabii lazima aingie kwa kishindo wakumbuke hilo. Lakini alipofika mahali pa kufika, hakumwachia Daudi upanga wa kujificha nyuma yake. "Wewe ndiwe mtu huyo." Kisha: umempiga Uria, Mhiti, kwa upanga; mkewe umemtwaa. Jina la mtu, tendo, mtendaji. Na neema ya Mungu ikafika muda huohuo, maana mara tu Daudi aliposema "Nimemfanyia Bwana dhambi", Nathani akamjibu kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Sijawahi kuona katika Maandiko mtu aliyesamehewa jambo ambalo bado amelificha chini ya jina lingine.

Kuhusu neno "kuiba" kutokuwa la kiungwana kanisani: linatoka katika Amri Kumi, mwenyekiti amelisoma tangu madarasa ya watoto. Na Yohana analitumia kwa mtu wa meza ya Bwana mwenyewe. Katika sura ya 12, Mariamu anamimina marhamu ya thamani, na Yuda anauliza kwa nini haikuuzwa kwa dinari 300 wakapewa maskini. Kwa kuwa kibarua wa siku hizo alilipwa dinari moja kwa siku, hizo ni karibu mshahara wa mwaka. Sikia jinsi maneno yake yalivyo matakatifu: maskini, sadaka, matumizi mazuri ya mali. Yohana anaongeza mara moja kwamba hakuyasema hayo kwa kuwahurumia maskini, bali kwa kuwa alikuwa mwivi, mwenye kushika mfuko na kuchukua vilivyotiwa humo. Mfuko, maskini, mhazini. Nimeshindwa kuisoma barua yako bila kuikumbuka sura hiyo. Bwana mwenyewe alionya juu ya maneno matakatifu yanayofunika dhuluma pale alipowakemea Mafarisayo kuhusu Korbani, katika Marko 7: mtu anatangaza kwamba mali yake ni wakfu kwa Mungu, na baba na mama yake wanabaki na njaa.

Sasa andiko mlilopewa, upendo husitiri wingi wa dhambi. Ni la kweli, 1 Petro 4:8, nalo lina mzizi wake katika Mithali 10:12. Lakini aliyeliandika ni Petro, yuleyule ambaye katika Matendo 5 alimwambia Anania waziwazi kwamba amemwambia Mungu uongo, na jambo lenyewe lilikuwa la fedha za kanisa. Kwa hiyo hakuliona andiko lake kuwa linapingana na kulitaja kosa. Kusitiri ni kupunguza masikio yanayosikia. Neno linabaki lile lile. Ndiyo sababu Mathayo 18 inakutuma kwanza kwa ndugu yako peke yenu wawili, na peke yenu wawili unamwambia kosa lake, kwa jina lake. Dhambi ambayo haijawagusa wengine inaweza kuishia hapo, isisikike kamwe, na huo ni upendo wa hali ya juu. Hii ya mhazini imewagusa wajane. Wao ndio wenye mali. Masikio yao hayawezi kuwa miongoni mwa yale mnayoyapunguza.

Na kama aliyedhurika ni mtoto, tafadhali msianze na Mathayo 18 kabisa. Anzeni na vyombo vya sheria, na mtoto awekwe mahali salama siku hiyohiyo. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ya yale yaliyoandikwa tarehe 14 Agosti 2018 huko Pennsylvania, Marekani, ilipochapishwa ripoti ya jopo la raia wa kuchunguza makosa ya jinai (grand jury) lililochunguza dayosisi sita za Katoliki. Ilitaja mapadri zaidi ya 300 waliotuhumiwa na watoto zaidi ya 1,000 waliotambuliwa kuwa walidhulumiwa. Wachunguzi walieleza jinsi ukweli ulivyofichwa kwa utaratibu uliojirudia, na hatua ya kwanza kabisa waliyoitaja ilikuwa lugha: katika nyaraka usiseme kamwe "kubaka", sema "mgusano usiofaa" au "masuala ya mipaka." Hatua ya kwanza! Kabla ya kuhamisha mtu, kabla ya kufunga faili, kwanza neno. Sisi tusio Wakatoliki tusiisome kwa kutikisa vichwa. Ya kwetu pengine hayajachunguzwa tu.

Naandika hivi nikiwa na hatia yangu. Wakati nikiwa bado kijana katika huduma, mfanyakazi mmoja wa kanisa nililohudumu alikutwa akidai fedha kwa watu waliokuja kuombewa. Hatukutaka aibu. Niliombwa kuandika barua ya kumwachia, na nikaandika kwamba "ameondoka kwa hiari yake kutafuta nafasi pana ya huduma." Nakumbuka niliridhika na maneno "nafasi pana". Barua ile ilimfungulia mlango wa kanisa lingine, na huko alifanya yaleyale kwa miaka miwili, mpaka mama mmoja akauza cherehani yake iliyokuwa ikilisha watoto ili alipe maombi. Nilikwenda kumwona mama yule. Pale ukutani ilipokuwa mashine, sakafu ilikuwa na alama nne za miguu yake. Sikuwa na la kumwambia, maana barua ilikuwa na saini yangu. Nilimwambia tu, "Mama, mimi niliandika uongo," na nikachangia kumnunulia nyingine.

Kanisa limewahi kufanya hivi kwa taifa zima. Ubaguzi wa Afrika Kusini uliitwa maendeleo ya kutengana, na Hendrik Verwoerd, waziri mkuu wa nchi hiyo, alisema ungeweza kuitwa sera ya ujirani mwema. Wapo wanateolojia waliouandalia mistari ya Biblia. Mwaka 1982, mjini Ottawa, Muungano wa Makanisa ya Reformed Ulimwenguni ulisema ubaguzi huo ni dhambi, na utetezi wake wa kiteolojia ni uzushi. Martin Luther alishaliweka jambo hili kwa sentensi moja mwaka 1518 kule Heidelberg, katika hoja ya 21: mwanateolojia wa utukufu huuita uovu wema na wema uovu, mwanateolojia wa msalaba hukiita kitu kile kilivyo. Nyuma ya wote hao yupo Isaya 5:20, na ole yake.

Upande wa pili nitaugusa kidogo, kwa kuwa barua yako hainionyeshi kwamba ndiko unakoelekea. Wapo wanaopenda ukweli kwa sababu unauma. Wanasema "mimi ni mkweli tu" baada ya kumvua mtu nguo hadharani. Na wapo wanaosengenya kwa lugha ya madhabahu: "Tumwombee dada fulani, anapita mahali pagumu," kisha mahali pagumu panaelezwa kwa dakika ishirini. Waefeso 4:15 inataka kweli na upendo katika pumzi moja. Kwa kazi yako hii ina maana ndogo na ya wazi: andika "alichukua", usiandike "mwizi". Kitenzi kinasema alichofanya. Nomino inasema ndivyo alivyo, na hilo hukuombwa kulihukumu. Yohana aliandika "mwivi" baada ya maisha ya Yuda kwisha. Mhazini wako bado yuko hai, na tunamwomba Mungu amrudishe.

Basi ningekuwa wewe, ningeandika hivi: "Kamati ilithibitisha kwamba mhazini alichukua fedha za mfuko wa wajane kwa muda wa miezi saba na kuzitumia kwa ujenzi wa nyumba yake. Mhazini hakukana mbele ya kamati." Kisha taja kiasi kamili, tarehe ya kwanza na ya mwisho, na kile kilichoamuliwa: nani anashika mfuko sasa, fedha zitarudishwa lini na kwa mafungu gani, nani atawaeleza wajane na siku gani. Usiweke "kwa bahati mbaya", wala "kwa masikitiko makubwa", wala sifa za utumishi wake wa miaka mingi. Usiweke pia neno la hasira. Jambo lenyewe ni zito, halihitaji kuongezwa uzito.

Kabla ya kuipeleka kamatini, mpelekee mwenyewe. Nenda na mama mwingine wa kamati, kaeni naye, msomee taratibu. Akisema ni kali, mwulize ni neno gani lisilo la kweli. Akikuonyesha moja, lifute palepale mbele yake na umshukuru. Kama hakuna, mpe kalamu, aongeze kwa mkono wake lolote analotaka kuwaambia wale wajane; huenda ndipo sentensi yake ya "kama kuna" itakapogeuka. Na kama kamati itapiga kura kwamba iandikwe "changamoto", usitie saini. Omba kwa heshima iandikwe kwamba katibu hakukubaliana na maneno hayo, umkabidhi mwenyekiti kitabu, naye aandike mwenyewe. Halafu niandikie unijulishe imekuwaje, na majina ya kwanza ya wajane wale unitumie, nipate kuwaombea.